Mgonga Dari

Katika safu ile ya vyumba vya wafanyakazi wa mgodi, nyumba ya Sikio ndiyo iliyokuwa haina siri. Si kwamba mkewe alikuwa na mdomo mrefu. Alikuwa mshonaji, vipimo vya viuno vya wanawake wote wa safu alikuwa navyo kichwani, na hakuna aliyewahi kuvisikia kwa mwingine. Tatizo lilikuwa kwamba neno lolote alilotaka kumwambia mumewe ilibidi alitoe kwa kupiga kelele. Sukari ikiisha, safu nzima ilijua imeisha. Mama mkwe akitaka kuja, majirani walijua siku atakayofika na kitanda atakacholalia. Siku moja aliuliza kwa mara ya tatu kama kuna mtu ameuona mkasi wake, na muuza mkaa wa chumba cha jirani akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mkasi ulinipa mimi jana, Fundi! Naja nao!"

Watu walicheka, na mshonaji naye akacheka, maana ungefanyaje. Hakucheka siku alipoitwa shuleni kwa ajili ya binti yao. Mwalimu alimwambia kwamba mtoto ana akili nzuri, ila haongei, anafoka. Wenzake wanaziba masikio akisimama kusoma. Mshonaji alitaka kueleza kwamba hiyo ndiyo sauti ya kuombea chumvi nyumbani kwao, lakini aibu ikamkaba. Akaahidi kumrekebisha, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa kama yeye ndiye mwanafunzi.

Sikio mwenyewe hakukubali hata siku moja kwamba hasikii. Kwake yeye, watu ndio walioharibika. "Siku hizi mnaongea kama mnatafuna," alilalamika. "Zamani mtu akisema, amesema."

Jina la Sikio hakujibandika. Alipewa chini, mgodini. Kabla ya zamu kuanza kutoboa mwamba, kiongozi wa kikosi huchukua mtarimbo mrefu na kugonga dari, yaani ule mwamba ulio juu ya vichwa vyao, hatua kwa hatua. Mwamba mzima hulia wazi, sauti kali ya chuma. Mwamba ulioachana na wenzake hutoa sauti butu, kama debe lenye mchanga, na hapo watu hurudi nyuma na kuuangusha kabla haujawaangusha wao. Sikio alikuwa bingwa wa kuzitofautisha. Kuna siku aliwatoa wenzake wote mbio kwenye njia ambayo wengine walikuwa wameshaigonga na kuipitisha, na dari likashuka nyuma yao, vumbi likawafunika hadi wakawa hawatambuani. Tangu siku hiyo, kufanya kazi na Sikio ilikuwa bahati ya kuombewa.

Kwa sababu hiyohiyo hakuvaa vizibo vya masikio. Drili ya kutobolea mwamba ina mlio ambao mtu huusikia kwenye meno kwanza, kisha kifuani, ndipo masikioni. Utaratibu ulisema uvae vizibo wakati wa kutoboa, uvivue wakati wa kugonga. Lakini kule chini, gizani, mikono imejaa tope na nyapara anataka mita zake, nani atakaa anaziba na kuzibua? Hata kile kifaa cha kupunguza mlio kilichofungwa kwenye drili wachimbaji walikifungua, wakidai kinaifanya mashine ikohoe. "Nikiziba masikio, mwamba nitausikia kwa pua?" Sikio alikuwa akisema, na kikosi kizima kilicheka na kuvitupa vyao. Vya kwake alivileta nyumbani mfukoni. Vilikuwa laini, vya rangi ya chungwa, na mkewe akaona vinafaa kuchomekea pini. Pembeni ya cherehani vilijipanga mstari mzima, na wateja walivisifia kwa uzuri.

*

Habari za kipimo cha masikio zilishuka mgodini kama habari za msiba. Kila mchimbaji angeingia katika kisanduku cha zahanati ya mgodi, kijumba kisichopitisha kelele, avalishwe hedifoni, anyooshe mkono kila anaposikia mlio. Atakayeshindwa angepandishwa juu, afagie karakana au asimamie lango, na posho ya kazi ya chini mgodini ingekatwa. Waliopandishwa juu walikuwa na jina lao: waota jua. Mtu akiitwa hivyo, hata mkewe sokoni hutaniwa.

Sikio alirudi nyumbani akiwa amenywea. Hakula. Mshonaji alimwangalia akizungusha kijiko ndani ya sahani, akajua mumewe anaogopa, na mumewe alikuwa mtu asiyeogopa kitu. Moyo ukamuuma.

"Wenzako waliotangulia wamepitaje?" alimuuliza kwa sauti ya juu, kisha akakumbuka ukuta, akamsogelea na kuuliza tena kwa midomo, taratibu.

Sikio akaangalia mlango. Alipotaka kunong'ona, alinong'ona kwa nguvu kiasi kwamba muuza mkaa upande wa pili aliacha kufagia. "Kuna kioo," alisema. "Nesi anakaa nje ya kisanduku, unamwona. Akibonyeza kitufe, bega linapanda kidogo. Ukilitazama bega, umepita."

Basi wakafanya mazoezi. Mshonaji alikaa nyuma ya cherehani, mkono chini ya meza, akibonyeza ubao kwa kidole. Sikio alikaa kitini mbele yake na kopo la maziwa kila upande wa kichwa, eti hedifoni. Mwanzoni alikosea sana, maana mshonaji alikuwa akicheka, na mtu anayecheka mabega yote mawili hupanda. Binti yao naye alijiunga, akawa nesi mkali wa kufoka. Walicheka hadi machozi yakawatoka, na kwa jioni ile moja nyumba ilikuwa na raha iliyokuwa haijaonekana kwa muda mrefu. Mara moja mshonaji alijiuliza ni kitu gani hasa anachomfundisha mumewe. Swali lilikuja likapita.

Sikio alipita. Alipita vizuri kuliko vijana. Jina lake lilibandikwa ubaoni pamoja na waliofaulu, na alikuja nyumbani na nyama na soda, akimwinua binti yake juu hadi akagusa bati. Tuseme ukweli: mshonaji alifurahi. Alikaanga ile nyama akiimba.

Na kwa kuwa karatasi ilisema masikio yake ni mazima, wakubwa wakaona huyu ndiye wa kukabidhiwa wageni wa kazi. Mmoja wa wageni hao alikuwa mdogo wake mshonaji. Mgodi mzima ulimwita Shemeji, hata watu wasio na udugu naye, kwa sababu siku ya kwanza Sikio alimtambulisha hivyo na jina likaganda. Mshonaji alikuwa amemlea kijana huyo mgongoni mwake mwenyewe, na ndiye aliyembembeleza mumewe kwa miezi hadi akamwombea kazi. Alipopata habari kwamba sasa watakuwa kikosi kimoja, alishukuru. Aliona mdogo wake ameingia mikono salama.

*

Siku ya mapumziko Shemeji alikuja na suruali ya kazi iliyochanika gotini. Alikaa kwenye kigoda, amevaa kanga ya dada yake kiunoni, akingoja ishonwe, huku akimaliza karanga zote zilizokuwa mezani.

"Dada, huyu mzee wako ana mambo," alisema.

"Mambo gani tena?"

"Akigonga dari hatazami juu. Ananitazama mimi. Ananikazia macho kama namdai... hapana, kama yeye ananidai."

Mshonaji aliendelea kukanyaga cherehani. "Anakutazama kwa nini?"

"Nitajuaje? Labda anapima kama nina moyo. Basi na mimi najikaza kisabuni. Nauweka uso hivi." Akauweka uso mtulivu, kama mtu anayepigwa picha. "Akiniona nimetulia, anasema, 'Safi! Leteni drili!' Tunaanza kazi."

Cherehani ilisimama.

"Na wewe anapogonga unasikia nini?"

"Mimi? Nasikia ko, ko, ko. Yote naona sawasawa tu. Tofauti bado sijaijua, dada, hiyo ni elimu ya miaka. Mimi namtazama yeye. Nikimwona hana wasiwasi, na mimi sina." Akatupa karanga mdomoni. "Na vile vizibo nimeviacha, kama yeye. Nataka kuwa na sikio."

Mshonaji aliitazama sindano iliyozama kwenye kitambaa. Aliwaona wote wawili kule chini, mmoja na mtarimbo wake, mwingine na uso wake wa picha, kila mmoja akisoma usalama kwenye uso wa mwenzake, na juu yao mwamba ambao hakuna hata mmoja aliyeusikia.

"Omba uhamishwe kikosi," alisema.

"Nini?"

"Hamia kwa mwingine. Kesho hiyohiyo."

Shemeji alicheka. "Watu wanatoa rushwa waingie kwa Sikio, mimi nitoke? Nitawaambia nini, kwamba dada yangu ameota ndoto?"

"Shemeji yako hasikii."

"Aa, dada, hayo ni ya nyumbani. Mwanamume gani anasikia nyumbani? Hata mimi ukiniita kuchota maji sisikii."

"Sitanii. Hasikii kabisa. Hata huo mlio wa mwamba hausikii."

"Si amepita kipimo juzi? Jina liko ubaoni, nimelisoma mwenyewe." Sasa hakuwa akicheka. Alimtazama dada yake kwa namna mpya, namna ya kumhurumia. "Mmegombana?"

Hapo ndipo mshonaji alipotakiwa kusema: nilimpitisha mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Kijana huyu alimheshimu kuliko mtu yeyote duniani. Alikata uzi kwa meno, akamrushia suruali yake. "Imekwisha," alisema. "Vaa uende." Shemeji aliondoka akimsihi apumzike, kazi ya cherehani ina uchovu wake.

*

Kesho yake Sikio alikuwa zamu ya mchana. Mshonaji alingoja amalize kula, akamkalia mbele, magoti yakigusana, na kumsemesha kwa midomo. Alikuwa hodari wa kusema bila sauti siku ambazo mumewe alitaka kumsoma.

"Baba, mtoto huyu ameniambia unagongaje dari."

"Amesemaje?"

"Kwamba unamtazama usoni."

Sikio akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamatwa na kitu kidogo. "Kijana ana masikio mazuri. Dari likilia vibaya, uso wake utabadilika. Mimi nitauona."

"Hajui likilia vibaya linaliaje! Anakutazama wewe!"

"Atajua."

"Lini? Likiwa juu yake?"

Sikio alikuwa na namna yake ya kumaliza ugomvi, na hakuna mke mwingine katika safu ile aliyewahi kufanyiwa hivyo: alifumba macho. Alifumba, akaegemea kiti, na mazungumzo yakaishia hapo kama taa iliyozimwa. Mshonaji alimtikisa bega. Alimgonga goti. Alimwambia mbele ya uso, karibu kabisa, kwamba yule ni mtoto wake, amemlisha kwa mkono wake, asimwue kwa ajili ya kuogopa kufagia karakana. Sikio aliondoa mkono wake taratibu, bila ukali, akainama na kufunga kamba za viatu, macho chini. Alichukua kofia yake ya kazi na mtarimbo wake, akatoka.

Uani palikuwa na watu kama kawaida ya saa ile. Wanawake wawili walikuwa bombani wakisuuza nguo. Muuza mkaa alikuwa akijaza makopo. Nyapara wa zamu, aliyekaa chumba cha mwisho, alikuwa amepindua baiskeli yake mlangoni akiziba tairi. Shemeji alikuwa ameshafika, kofia kichwani, akimsubiri shemeji yake waongozane.

Mshonaji alisimama mlangoni. Alijua kabisa kwamba jambo lile haliwezi kusemwa kidogo. Kwa mume mwingine angengoja, angemvuta pembeni, angemnong'oneza. Kwa mume huyu palikuwa na kunyamaza au kutangaza, katikati hapakuwa na kitu. Alimwona mdogo wake akipokea mtarimbo mkononi mwa Sikio, auchukue yeye, kwa adabu.

"Huusikii mwamba!" alipiga kelele.

Bomba lilifungwa. Sikio aliendelea kutembea, maana alikuwa amempa mgongo. Mshonaji alikimbia, akamshika mkono wa shati, akamgeuza.

"Huusikii mwamba! Unagonga dari na kumsoma mdogo wangu usoni, na yeye anakusoma wewe! Hakuna anayesikia! Hakuna!" Sauti ilimpasuka lakini hakuacha, kwa kuwa alijua akiacha hataanza tena. "Na kile kipimo hukupita! Nilikufundisha mimi, pale kwenye cherehani, kutazama bega la nesi! Ni mimi!"

Alipomaliza alisikia matone ya bomba. Sikio hakuwa ameyapata maneno yote. Mke wake alikuwa akilia, na midomo ya mtu anayelia haisomeki. Lakini aligeuka akawatazama wale wanawake, akamtazama muuza mkaa aliyeshika kopo hewani, akamtazama nyapara, na nyuso zao zikamwambia kila kitu.

"Umesema," alimwambia mkewe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alisema kwa sauti ya chini, bila kujua.

Nyapara alifuta mikono kwa tambara, akachukua muda mrefu kuifuta. "Fundi, unajua ulichokisema?"

"Najua."

"Sikio." Nyapara alimwonyesha kwa mkono, kama mtu anayesimamisha gari. "Leo usishuke."

*

Muuza mkaa alikuja jioni kumsemesha kama mwanamke kwa mwanamke. "Mume hafichuliwi uani, Fundi. Mambo ya chumbani yana mahali pake."

"Ningemwambia wapi?" mshonaji aliuliza. "Na kwa sauti gani? Niambie wewe unayetusikia kila siku."

Muuza mkaa aliomba chumvi, akaondoka.

Dari halikuanguka. Nyapara alimtuma mtu mwingine akaligonge upya, naye alirudi akisema mahali pamoja hapakumpendeza na pengine pote pazuri, jibu ambalo mgonga dari yeyote hulitoa siku yoyote. Mshonaji hakupata jiwe hata moja la kuwaonyesha watu na kusema, mnaona? Alichopata ni habari kwamba wachimbaji wote watapimwa upya, na safari hii kioo cha kisanduku kitafunikwa. Ndipo ilipojulikana ni wangapi waliokuwa wakitazama bega. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mmoja hakukaa hata kupokea salamu. Bombani alipofika na ndoo, mazungumzo yaligeuka yakawa ya mvua.

Hayo aliyaweza. Asiloliweza lilikuwa la nyumbani. Sikio aliacha kumtazama mdomo. Alikula akitazama sahani, alijibu salamu akitazama mlango. Akitaka kitu alimwambia binti, na binti alifoka jibu. Nyumba iliyokuwa haina siri ikanyamaza, na majirani walioizoea sasa hawakujua hata kama kuna chai. Mshonaji alimkumbuka mumewe akiwa amekaa papo hapo chumbani. Alitamani amtukane.

Shemeji ndiye aliyekuja kumtukana, kwa heshima zote. "Umemwua mtu mzima, dada," alisema akiwa amesimama, amekataa kigoda. "Unajua wanamwitaje sasa? Mimi ndiye ninayesikia huko, si wewe. Na mimi wananiuliza, eti uso wako unasemaje leo, Shemeji?"

"Uko hai. Watakuita chochote."

"Ningekuwa hai hata hivyo! Ni siku ngapi nimekuwa chini yake, nimepata hata mchubuko?" Alifuta jicho kwa kiganja, kwa hasira, kama linamwasha. "Siku ya kipimo nampeleka mwenyewe. Na wewe uje uone. Akipita, utamwomba radhi uani palepale, mbele ya walewale."

"Nitakuja," mshonaji alisema.

*

Ukumbi wa zahanati ulijaa wanaume wasiotazamana. Kioo cha kisanduku kilikuwa kimefunikwa kwa gazeti na gundi, na kila aliyeingia pale alilitupia jicho la uchungu. Waliompisha Sikio apite wa kwanza hawakufanya hivyo kwa heshima, walitaka kuona.

Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo mkewe alimshonea, na mshonaji alipoliona mwilini mwake moyo ulimwenda mbio, kisha akajiambia ni shati tu, ndilo lililokuwa safi. Sikio alipita mbele yake bila kugeuka. Shemeji alimfungulia mlango wa kisanduku, akamkalisha, akampigapiga bega kumtia moyo.

Nesi alimwonyesha kwa ishara kwamba kuna sehemu mbili: kwanza milio mizito, kisha ile myembamba mikali. Alifunga mlango. Akabonyeza.

Kupitia ufa wa gazeti mshonaji aliuona mkono wa mumewe. Ulinyooka. Baada ya muda ukanyooka tena, na tena. Ukumbini watu walianza kujisogeza, mtu akacheka kidogo puani.

"Umeona, dada?" Shemeji alisema kwa mnong'ono uliojaa furaha. "Umeona?"

Na mshonaji, ambaye mkono ule ulikuwa ukimfanya mwongo mbele ya watu wote, alijikuta akiuombea unyooke zaidi. Asikie. Mimi niwe mwenda wazimu, niombe radhi uani, nipige magoti kabisa, ila asikie. Alikunja ncha ya kanga hadi vidole vikauma.

Nesi alifungua mlango, akainua vidole viwili mbele ya Sikio: sehemu ya pili. Sikio alitikisa kichwa kwamba ameelewa, akarekebisha hedifoni, akaweka mkono gotini tayari. Mlango ukafungwa.

Mkono ulikaa gotini.

Nesi alibonyeza, akazungusha kitufe, akabonyeza, akazungusha zaidi. Alitazama mashine yake, akaikagua waya, kama mtu anayetaka kosa liwe la chombo. Mwishowe aliusukuma mlango wa kisanduku ukabaki wazi, akazungusha kitufe hadi mwisho wake, na hapo ukumbi mzima uliusikia mlio kupitia hedifoni zilizokuwa masikioni mwa Sikio, mwembamba na mkali kama chuma juu ya jiwe zima. Mtoto mmoja aliyekuwa amelala benchini aliamka. Nesi aliurudia kwa sikio la pili. Sikio alikuwa amekaa wima katika shati lake jeupe, macho mbele, ametulia, mkono gotini.

Shemeji alikuwa akiutazama uso ule. Aliujua vizuri. Alikuwa ameutazama kila siku chini ya lile dari, na kila siku ulikuwa mtulivu hivihivi. Alirudi nyuma hatua moja, akatafuta ukuta kwa mkono, akakosa, na dada yake akamdaka kiwiko.

"Sista," Sikio alisema kwa sauti iliyofika hadi nje, "anza basi. Mimi niko tayari."

Nesi alimgeukia mshonaji, na mshonaji akamwacha mdogo wake ukutani, akaingia. Alichuchumaa mbele ya mumewe. Alizitoa hedifoni kwa mikono miwili, moja huku, moja huku, akangoja. Sikio alikaa akitazama juu ya kichwa chake kwa muda. Kisha macho yake yakashuka, yakafika kwenye mdomo wa mkewe, yakakaa.

"Tumemaliza, baba," mshonaji alisema bila sauti.

Sikio aliisoma midomo ile, akakunja uso, akatazama mashine, akamtazama nesi, akawatazama wenzake waliojazana mlangoni.

"Kwani ilishaanza?"